Mchanga Kwanza, Moto Baadaye: Ushauri kwa Anayetaka Kusubu Alumini Nyumbani

Wanaoniuliza kuhusu kusubu karibu wote wana swali moja: tanuri nilitengeneze vipi? Wengine wameshapata pipa, wameshanunua feni ya kupulizia, na wamebakiza kujua tu mkaa uende kiasi gani. Nawaelewa, maana moto ndio unaovutia macho. Lakini kuyeyusha alumini ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 za Selsiasi, na shimo la mkaa lenye upepo wa kutosha hufika hapo na kupita. Kinachowakatisha tamaa wanaoanza ni mchanga: uliolowa mno, usio na udongo wa kutosha, au ulioshindiliwa nusunusu.

Kwa hiyo nakuomba jambo ambalo wengi hawalipendi. Usiwashe moto wowote kwanza. Tafuta mchanga, tengeneza kalibu, uitoe pateni (lile umbo la mbao), uivunje kalibu, urudie tena. Ukiweza kuitoa pateni kwenye mchanga bila kingo kubomoka mara kadhaa mfululizo, hapo tuzungumze habari za mkaa.

Nitazungumzia alumini tu, na vitu vya kawaida: kishikio cha mlango, namba ya nyumba, puli ya mashine, kifuniko cha pampu. Sufuria siigusi, na sababu nitaisema mbele.

## Mchanga unaofaa

Mchanga wa kusubia unahitaji vitu vitatu: punje laini, udongo wa kuzishikanisha, na maji kidogo. Hayo maji kidogo ndiyo yenye shida, maana kila mtu ana "kidogo" yake.

Punje. Mchanga wa mto ndio mzuri. Ukaushe juani, kisha uupitishe kwenye wavu wa mbu wa dirishani. Ule utakaogusa pateni upitishe tena kwenye chekeche la unga. Punje nene zitakupa kitu chenye uso wa mparuzo.

Ndugu zangu wa pwani huniuliza kuhusu mchanga wa ufukweni, kwa kuwa upo bure na ni laini. Uacheni. Una chumvi inayovuta unyevu, na una vipande vya kombe. Kombe likipata moto mkali hutoa hewa, na hewa hiyo itatafuta njia kupitia alumini yako. Kama huna mwingine kabisa, uoshe kwa maji baridi mara kadhaa na uchekeche kombe zote, lakini mimi ningenunua ndoo mbili za mchanga wa mto kwa wauza mchanga wa ujenzi.

Udongo. Bora kuliko wote ni bentonaiti, unga ambao wachimba visima huutumia kwenye mashimo yao. Waulize wao au wanaowauzia vifaa. Kwa bentonaiti, kilo 1 kwa kilo 10 za mchanga inatosha. Ukiikosa, tumia udongo wa mfinyanzi au wa kichuguu. Uanike mpaka ukauke kabisa, uuponde, uuchekeche mpaka uwe unga. Udongo wa namna hii una nguvu ndogo zaidi, kwa hiyo anza na kilo 1 na nusu kwa kilo 10, kisha upandishe hadi 2 ukiona mchanga haushiki.

Vaa barakoa unapoponda na kuchekecha. Vumbi la mchanga mkavu huingia mapafuni na halitoki, na madhara yake huonekana baada ya miaka. Nyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia.

Maji. Changanya mchanga na udongo vikiwa vikavu kwanza. Kisha nyunyiza maji kwa chupa ya kunyunyizia, huku mwingine akigeuza kwa sepetu. Kilo 10 za mchanganyiko hunywa kama nusu lita tu, na udongo wa kichuguu huongeza kidogo juu ya hapo. Ukimwaga kwa kikombe utapata mabonge ya tope yaliyozungukwa na mchanga mkavu. Ukishanyunyiza, fikicha kwa viganja mpaka rangi iwe moja, tia kwenye mfuko wa nailoni, funga, uache mpaka kesho. Usiku huo mmoja una faida kuliko nusu saa ya kukanda, kwa sababu udongo hunywa maji taratibu.

### Jaribio la kiganja

Hili lijue vizuri kuliko kitu kingine chochote katika makala haya.

Chukua mchanga, ufumbate kwa nguvu, fumbua. Uonekane mkunjo wa kila kidole, hata mistari ya ngozi. Kisha shika pande mbili ulivunje bonge hilo katikati. Likikatika bila kumomonyoka, likaacha kingo kali kama zilizokatwa kwa kisu, mchanga uko tayari. Sasa tazama kiganja chako:

- Kikiwa safi au na punje chache tu, sawa.
- Kikiwa na utelezi wa tope, maji yamezidi. Usimwage alumini humo kwa hali yoyote. Utandaze mchanga kivulini, uugeuze, ujaribu tena baadaye.
- Bonge likisambaratika kabla hujalivunja, maji yamepungua au udongo hautoshi. Ongeza maji kwanza, kidogo sana. Lisiposhika bado, ongeza udongo.

Kosa la wengi ni kuongeza maji kila mchanga unapobomoka. Mchanga wenye udongo haba hushika vizuri ukiwa na maji mengi, na hapo ndipo unapokudanganya, kwa sababu sura yake inapendeza na ndani umejaa mvuke unaosubiri.

Wapo wanaouliza kama saruji inaweza kuchukua nafasi ya udongo, kwa kuwa inashika haraka. Hapana. Saruji ikishakauka machoni bado imefunga maji ndani yake, na alumini ya moto itayafungua.

## Pateni: usianze na kitu kigumu

Pateni ni umbo la kitu unachokitaka, aghalabu la mbao, litakaloacha nafasi yake mchangani. Seremala yeyote anaweza kuichonga, ila yeye hajui kwamba itabidi itoke mchangani nzima. Mwambie mambo manne:

1. Mteremko wa pande. Pande zisisimame wima. Kila sentimita 10 za kimo ziiname kama milimita 3 au 4, umbo la ndoo: mdomo mpana, kitako chembamba. Pande zikisimama wima, pateni itang'oka na mchanga wake.
2. Kunywea. Alumini ikipoa hunywea, takriban milimita 13 kwa kila mita. Puli ya sentimita 15 iongezwe kama milimita 2. Mahali patakapokerezwa, ongeza tena milimita 2 au 3.
3. Unene. Pasiwe pembamba kuliko milimita 5, na panene pasiungane na pembamba ghafla. Pembe za ndani zijazwe kwa puti au kwa nta ili ziwe za mviringo.
4. Uso. Piga msasa, paka vanishi, piga msasa tena. Kila mshipa wa mbao utauona kwenye alumini.

Puli inawashinda wengi kwa sababu ya ule mfereji wa mkanda. Mchanga ukiingia kwenye mfereji, pateni haitoki. Usihangaike nao. Subu kisahani kizima, halafu mpelekee fundi kereza atoboe katikati na kukata mfereji. Hata hivyo ungempelekea tu, maana puli isiyokerezwa huyumba.

Kwa mara ya kwanza chonga kitu bapa upande mmoja, kama namba ya nyumba. Upande bapa hulala ubaoni, na kazi nusu inakuwa imeisha.

## Maboksi mawili

Unahitaji fremu mbili za mbao zisizo na kitako wala kifuniko, zinazokaa moja juu ya nyingine. Kati ya pateni na ukuta wa fremu paachwe angalau sentimita 5 kila upande, na chini na juu vilevile; pale yatakaposimama mabomba ya hatua ya 7, acha zaidi. Weka vijiti viwili vya kuziongoza, vya ukubwa tofauti, ili boksi la juu lisiweze kugeuzwa ukalifunga kinyume. Pigilia vipande vya mbao ndani ya fremu ili mchanga upate pa kushikilia. Usipofanya hivyo utainua boksi la juu na mchanga ubaki chini.

## Kushindilia, hatua kwa hatua

1. Laza pateni kwenye ubao bapa, upande bapa chini. Weka boksi la chini kichwa chini kuizunguka.
2. Tia majivu laini yaliyochekechwa, au poda ya mtoto, kwenye kitambaa chepesi, ukung'ute juu ya pateni na ubao. Poda isionekane kama unga wa chapati, iwe ukungu tu.
3. Chekecha mchanga laini juu ya pateni mpaka iwe imefunikwa kama sentimita 2. Bonyeza kwa vidole kuizunguka, hasa kwenye pembe.
4. Jaza mchanga wa kawaida, tabaka kwa tabaka za sentimita 5, ukishindilia kila tabaka kwa mti wenye ncha bapa. Anza kandokando ya fremu, uje katikati. Usiigonge pateni yenyewe.
5. Kwangua mchanga uliozidi kwa ubao ulionyooka. Funika kwa ubao wa pili, shika vyote pamoja, geuza.
6. Ondoa ubao wa juu. Sasa unaiona pateni ikiwa sawa na uso wa mchanga. Nyunyiza poda tena, uso wote, ili maboksi yasigandane.
7. Weka boksi la juu. Simamisha kipande cha bomba cha inchi moja kando ya pateni, sentimita 4 kutoka kwake. Hilo ndilo tundu la kumiminia. Upande wa pili, juu au kando ya sehemu nene kuliko zote, simamisha bomba nene zaidi. Hilo ni tundu la akiba, litakalohifadhi alumini ya kuongezea wakati kitu kinanywea.
8. Chekecha, jaza, shindilia kama mwanzo. Kisha chukua spoki ya baiskeli utoboe matundu ya kupumulia sehemu mbalimbali juu ya pateni. Yaishie kama sentimita moja kabla ya kuigusa.
9. Chomoa mabomba kwa kuyazungusha. Panua mdomo wa tundu la kumiminia uwe kama faneli, ulainishe kwa kidole pasibaki mchanga legevu.
10. Inua boksi la juu wima kabisa. Usiliinamishe kabla halijaachana na vijiti.
11. Kwa kijiko, chimba njia kwenye boksi la chini kutoka tundu la kumiminia hadi kwenye pateni. Iwe pana na ya kina kifupi. Chimba nyingine kutoka kwenye pateni hadi tundu la akiba, ikiwa hukuliweka juu yake moja kwa moja.
12. Ingiza skrubu kwenye pateni, uigonge polepole pande zote mpaka uione imelegea, kisha inua taratibu, kwa mkono usiotetemeka.
13. Puliza punje zilizoanguka ndani. Funga boksi la juu kwa kufuata vijiti.

Hatua ya kumi na mbili ndiyo itakayokutesa. Kingo zikibomoka kidogo, usizipake maji ukadhani unatengeneza ukuta. Mahali palipobomoka vibaya, vunja kalibu yote uanze upya. Mchanga ni uleule, umepoteza dakika ishirini tu.

## Skrepa ya kununua na ya kukataa

Swali la makopo ya soda huja kila mara, kwa kuwa yamejaa mitaani. Makopo ni membamba, yamepakwa rangi na vanishi, na sehemu kubwa huungua ikawa taka kabla ya kuyeyuka. Wauzie wanaokusanya, kanunue kitu kingine kwa hela hiyo.

Nenda gereji. Tafuta alumini iliyowahi kusubiwa, maana hiyo imechanganywa na silikoni na hutiririka vizuri kwenye kalibu:

- pistoni za magari na pikipiki (toa pini na ringi zake za chuma);
- silinda hedi na kava za injini za bodaboda;
- nyumba za gia boksi na za alternata.

Fremu za madirisha huyeyuka vizuri lakini hutiririka kwa uzito na kupasuka zinapopoa. Changanya kidogo na pistoni, si peke yake.

Vya kukataa:

- Kitu chochote kilichozibwa: shokomzoba, mabomba yaliyofungwa, kompresa. Ndani mna mafuta au gesi, na kikipashwa moto kinalipuka.
- Magnesiamu. Baadhi ya rimu za michezo na vifaa vya pikipiki ni magnesiamu, nyepesi kuliko alumini. Kwangua kwa tupa mpaka upate chengachenga, uzidondoshee siki. Zikitoa povu kwa nguvu, ni magnesiamu. Ikishika moto huwezi kuizima, na ukiimwagia maji unaichochea.
- Nyaya za umeme. Ukiletewa nyaya nene za alumini kwa bei ya kutupa, jua zimetoka nguzoni. Kenya ilisimamisha biashara ya chuma chakavu Januari 2022 kwa sababu ya wizi wa aina hiyo, na Tanzania nako kukutwa na mali ya wizi ni kosa.

## Tanuri na chungu

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu hapahitaji zaidi. Pipa dogo au ndoo ya chuma, lililopakwa ndani unene wa sentimita 5 hadi 7 kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na chenga za tofali la kuchoma. Karibu na kitako toboa tundu la bomba la inchi 2 la kuleta upepo. Upepo utoke kwenye mivuo ya kuzungusha kwa mkono, au feni ndogo. Liache likauke kivulini wiki nzima, kisha uliwashie moto mdogo siku mbili tatu kabla ya moto mkali. Ukiharakisha, udongo utabanduka kwa vipande.

Chungu cha kuyeyushia kiwe kipande cha bomba nene la chuma, milimita 5 au 6, kilichochomelewa kitako. Lisiwe bomba la mabati, kwa kuwa zinki yake hutoa moshi mweupe unaoleta homa. Sufuria ya stainless imezoeleka, lakini ni nyembamba, na alumini hula chuma polepole mpaka siku moja inatoboka ukiwa umeinyanyua. Paka chungu chako udongo mwembamba kwa ndani, na kabla ya kila kazi kigonge na ukitazame kitako.

Koleo la kunyanyulia litengenezwe kwa chungu hicho hicho, likishike kutoka pande mbili. Lijaribu likiwa baridi, chungu kikiwa na mchanga wa uzito uleule. Plaizi si koleo.

## Maji ndiyo adui

Maji yakigeuka mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya mwanzo. Tone likifunikwa na alumini iliyoyeyuka halina pa kwenda, linairusha juu yote. Karibu kila ajali ya kazi hii ina maji ndani yake, ama kwenye mchanga, ama kwenye skrepa iliyolala nje usiku, ama kwenye kijiko cha kutolea taka ambacho hakikupashwa moto.

Kwa hiyo:

- Mvua ikitishia, ahirisha. Msimu wa masika fanya kazi ya pateni.
- Kila kinachoingia kwenye alumini ya moto kipashwe kwanza juu ya mdomo wa tanuri: skrepa, kijiko, nondo.
- Usimimine juu ya sakafu ya saruji. Alumini ikimwagika, unyevu uliomo kwenye saruji hulipuka na kurusha vipande. Tandaza mchanga mkavu, kina cha sentimita 10.
- Ndoo ya kuzimia moto iwe ya mchanga mkavu.
- Fanya kazi nje. Mkaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, na banda lililofungwa limewaua watu.

Utaniambia mafundi wa mtaani hufanya haya wakiwa wamevaa kandambili. Ni kweli, na ukiwatazama miguu utaona alama. Wewe vaa buti za ngozi, suruali ya pamba au jinzi ikiwa nje ya buti, isiingizwe ndani ikawa faneli. Glavu za ngozi za mchomeleaji ziwe kavu. Vaa kinga ya uso mzima juu ya miwani. Nailoni na poliyesta hazifai, zinayeyukia mwilini. Watoto, kuku na majirani wa kuuliza maswali wote wakae mbali, na awepo mtu mzima mmoja wa kukusaidia anayejua atafanya nini.

Ukiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha nenda hospitali. Dawa ya meno, yai na unga wa ngano huzidisha jeraha, hata kama bibi yako anaapa.

## Siku ya kumimina

Kwanza jua utahitaji alumini kiasi gani. Funga pateni kwenye mfuko mwembamba, izamishe kwenye ndoo iliyojaa pomoni ndani ya beseni, upime maji yaliyomwagika. Kila lita ni kilo 2.7. Yakimwagika nusu lita, kitu chenyewe ni kilo 1.35, ongeza nusu yake kwa ajili ya matundu na njia, uyeyushe kilo 2 na ziada. Kuishiwa katikati ya kumimina hakuna dawa.

Kalibu iwe tayari, imefungwa, imewekewa uzito juu, kabla hujawasha moto. Uzito huo si urembo. Kisahani cha sentimita 20, kikiwa na sentimita 8 za alumini juu yake kwenye tundu, husukuma boksi la juu kwa nguvu ya kilo 6 hivi. Weka matofali manne.

Yeyusha kidogo kwanza, kisha ongeza skrepa iliyopashwa. Usikoroge ovyo, maana kila ukikoroga unatengeneza taka mpya na kuingiza hewa. Kila kitu kikishayeyuka, nyunyiza chumvi kavu kwa kubana vidole, subiri kidogo, kusanya ukoko wa juu kwa kijiko kilichopashwa, uumwage kwenye bati kavu.

Utajuaje imefika? Kipimajoto cha kuchovya kikikuonyesha kati ya 700 na 750, mimina. Bila hicho, chovya nondo safi iliyopashwa: ikitoka na alumini imeganda juu yake, bado, ikitoka safi, tayari. Usingoje alumini yenyewe iwe nyekundu juani, maana ukiiona hivyo imeshapita sana na imekunywa hewa ya haidrojeni. Hewa hiyo ndiyo inayoacha vitundu kama vya mkate ndani ya kitu.

Mimina mdomo wa chungu ukiwa karibu na tundu, mfululizo, bila kusita, mpaka uione inapanda kwenye tundu la akiba. Faneli ibaki imejaa muda wote. Ukisita sekunde mbili umepata mshono. Alumini iliyobaki imwage kwenye karai la chuma kavu lililopashwa, isigandie chunguni.

Kisha ondoka. Kitu kidogo kipe nusu saa, kinene saa nzima. Alumini ya nyuzi 300 haina rangi tofauti na ya baridi, kwa hiyo ishike kwa koleo hata kama inaonekana imepoa. Usiimwagie maji kwa haraka ya kuiona.

## Umefungua, hukupenda ulichokiona

- Vitundu vidogo vingi ndani ukikata: umeipasha moto mno au umeiacha jikoni muda mrefu.
- Mashimo laini ya mviringo karibu na uso: mchanga umelowa, au ulishindilia sana bila matundu ya kupumulia.
- Panene pamebonyea: tundu la akiba ni jembamba, limeganda kabla ya kitu chenyewe. Lifanye nene zaidi.
- Pembe hazikujaa, au pana mstari kama ufa: alumini ilikuwa baridi, au ulimimina kwa woga.
- Punje za mchanga ndani: njia ina kingo legevu, au ulisahau kupuliza.
- Nusu ya juu imesogea: vijiti vya boksi vimelegea.
- Ukingo mwembamba pande zote: boksi lilinyanyuka. Ongeza matofali.

Rekebisha jambo moja kwa wakati. Ukibadilisha mchanga, joto na tundu kwa pamoja, hutajua kilichokusaidia. Kilichoharibika kinarudi chunguni, hakuna kilichopotea ila mkaa.

## Mawili ya mwisho ninayoulizwa

"Kwa nini nisisubu sufuria nikauza?" Kwa sababu hujui kilichomo kwenye skrepa yako. Utafiti uliochapishwa 2017 ulipima vyombo 42 vya kupikia vya alumini kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo, na baadhi vilitoa risasi vilipochemshwa na tindikali nyepesi. Risasi huumiza ubongo wa mtoto, na haina ladha wala harufu mchuzini. Pistoni ya zamani iliyochanganyika na kipande cha betri au solda haikwambii. Subu puli.

"Na shaba?" Shaba nyekundu huyeyuka kwenye 1,085, na shaba nyeupe, ile ya koki za maji, kwenye 900 na kitu. Lakini shaba nyeupe ina zinki, na zinki huchemka kwenye 907, ikakujazia moshi. Chungu cha chuma hakikufai tena, wala tanuri la ndoo. Ukifika huko, nenda ukakae na mafundi waliobobea. Kwenye mitaa ya viwanda ya SIDO, shirika la viwanda vidogo la Tanzania, mikoani, hukosi karakana ya chuma ya kuanzia kuuliza.

## Kuutunza mchanga

Mchanga huohuo utautumia tena na tena. Baada ya kazi, tenga ule ulioungua ukawa mweusi na mgumu karibu na alumini, uutupe. Uliobaki uponde, uuchekeche, uurudishie maji kwa chupa ya kunyunyizia, na baada ya kazi kadhaa uongeze udongo kidogo, maana moto huua nguvu ya udongo. Fanya jaribio la kiganja kila mara, hata kama juzi ulikuwa sawa. Uweke kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana, ubaki na unyevu wake. Na usiuache wazi hata usiku mmoja kama mtaani kwenu kuna paka, maana watadhani umewaandalia wao choo.